Landhi zenu zimepigwa alama ya X: pa kuanzia kabla tingatinga halijafika

Maswali ni yale yale ninayoulizwa na wakazi wa landhi, zile safu za nyumba za wafanyakazi wa reli, zikipigwa alama ya kubomolewa. Landhi zetu zimepigwa X kwa rangi nyekundu, tuanzie wapi? Nyumba ya mfanyakazi wa reli inaweza kuhesabiwa turathi kweli, au turathi ni Fort Jesus na majumba ya magavana tu? Twende kwa wakili kwanza au kwa wanahabari? Nimeyajibu kwa simu, nimeyajibu nikiwa nimesimama mlangoni mwa watu, sasa nayaandika mahali pamoja ili usipoteze wiki mbili za kwanza, maana ndizo zenye thamani kuliko zote.

Mwongozo huu ni wa Kenya, na hasa wa nyumba za reli, mfano wa zile za Muthurwa na Makongeni, Nairobi, na safu za landhi zilizosalia kando ya vituo kwenye njia yote ya zamani. Wa Kaloleni na mitaa mingine ya kaunti mtazitumia hatua hizi hizi. Kinachobadilika ni mwenye nyumba.

Swali la turathi nalijibu sasa hivi: ndiyo, inaweza. Sheria ya Makumbusho na Turathi za Kitaifa ya 2006 inaruhusu jengo la umri wowote kutangazwa kuwa la kihistoria, mradi lina maana ya kihistoria, ya kitamaduni, ya ujenzi au ya kiufundi. Ule mwaka 1895 ambao watu huukariri unahusu vitu vya kale vinavyobebeka. Haukuhusu wewe na landhi yako. Tena tazama pale Kenyatta Avenue, Nairobi: Kipande House, jengo la 1913, limetangazwa turathi. Ndani yake Waafrika waliandikishwa na kupewa vipande, vile vitambulisho vya kikoloni. Ikiwa mahali mfanyakazi alipopewa kipande panalindwa, chumba alichorudi kulala jioni na kipande kikining'inia shingoni nacho kina haki ya kuombewa.

Kabla hujashika tepu, elewa tofauti moja. Julai 2010 wapangaji wa Muthurwa walipewa siku 90 wahame. Ardhi ilikuwa imetoka kwa Shirika la Reli ikaenda kwa mfuko wa pensheni wa wafanyakazi wake, nao ulitaka kujenga upya. Wapangaji wakaenda Mahakama Kuu, na tarehe 30 Agosti 2013 Jaji Isaac Lenaola akaamua kwamba haki yao ya makazi imevunjwa, akaagiza pande mbili zikae zipange utaratibu wa watu kuhama kwa heshima. Ni hukumu kubwa, mawakili huinukuu hadi leo. Lakini isome kwa makini: inazungumzia namna ya kumtoa mtu ndani ya nyumba. Nyumba yenyewe haina wa kuisemea mle. Kwa hiyo mna safari mbili, ya watu na ya jengo, na kila moja ina karatasi zake na ofisi zake. Watu wengi hukimbilia ya kwanza wakidhani wameshafanya ya pili.

Na jambo jingine, kwa haki: wako wastaafu wanaoisubiri pensheni ile, na wengi wao walilala kwenye vyumba hivi hivi. Usiwafanye maadui. Utawahitaji katika hatua ya saba.

Vinavyohitajika kabla ya kuanza

- Watu watano hadi wanane, nusu yao au zaidi wawe wakazi wa hapo. Awemo mwanamke mzee anayejulikana na majirani. Milango mingi itafunguka kwa ajili yake.
- Tepu mbili za kupimia, ya mita 5 na ya mita 30.
- Daftari la miraba na penseli. Kalamu ya wino ikinyeshewa, kazi ya siku nzima imekwenda.
- Simu yenye kamera nzuri na nafasi ya kutosha, pamoja na pawabanki.
- Ubao wa mita moja uliopakwa nyeupe na nyeusi kila sentimita 10. Huu utauweka ndani ya picha ili vipimo vionekane.
- Diski mbili za kuhifadhia, zikae nyumba mbili tofauti.
- Fomu ya ridhaa ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili.
- Faili la karatasi za wakazi: risiti za kodi, barua za ajira, kadi za reli, ilani ya kuhama.

Droni huhitaji. Msanifu majengo ni baraka mkimpata, ila msimsubiri.

Hatua ya 1: Jua ardhi ni ya nani leo

Usiseme "ni ya reli" kwa sababu babako alisema hivyo. Ardhi hizi zimehama mikono. Chukua namba ya ploti kwenye ilani ya kuhama au kwenye bango la mradi, kisha fanya upekuzi kwa njia ya Ardhisasa, mfumo wa serikali wa ardhi mtandaoni, au Ardhi House, makao ya wizara ya ardhi Nairobi. Siku hiyo hiyo andika barua ya kuomba habari, upeleke kwa anayedaiwa kumiliki na kwa kaunti. Iwe fupi hivi:

"Kwa mujibu wa kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, naomba nakala ya hati ya umiliki wa ardhi hii, ya mpango wa ujenzi uliowasilishwa kwa kaunti, ya ripoti ya athari kwa mazingira, na ya barua zozote kati yenu na Makumbusho ya Kitaifa kuhusu nyumba zilizopo."

Itiwe sahihi na raia, na namba ya kitambulisho iwepo. Ofisi ya umma ina siku 21 za kujibu. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri na tarehe, hiyo urudi nayo. Barua isiyo na muhuri wa kupokelewa ni kama hukuiandika.

Hatua ya 2: Kaeni na wakazi, msikie yote

Usianze kwa kuwaambia nyumba zao ni turathi. Anza kwa kuuliza. Utasikia kwamba vyoo vimejaa, paa linavuja, mfereji wa maji ni mmoja kwa safu nzima. Utasikia wanaotaka kuhama kesho wakilipwa vizuri, na wanaosema watatolewa wakiwa maiti. Wote wawili ni wakazi halali.

Yaandikeni kama yalivyosemwa. Kisha ulizeni swali moja: hata kama tutahama, kipi kisipotee? Nimeona mkutano uliokuwa ukizozana kwa saa nzima ukanyamaza kwa swali hilo, halafu watu wakaanza kutaja: ule mfereji wa katikati, ile mikwaju miwili, ukumbi, ukuta wa safu ya kwanza.

Onyo: mtu kutoka nje asiwe mwenyekiti. Siku ya kikao na mwenye ardhi ataulizwa anaishi nyumba namba ngapi.

Hatua ya 3: Chora ramani ya mkono

Tembea safu kwa safu. Zipe safu herufi, milango uipe namba ileile iliyoandikwa juu yake. Onyesha vyoo, mifereji, majiko ya nje, miti, njia za mkato, mahali ambapo mama mboga amekaa miaka yote. Weka alama ya kaskazini. Ramani hii ndiyo itakayobeba kila kitu kitakachofuata, kwa hiyo usiiruke ukitamani kamera.

Nenda pia Survey of Kenya, ofisi ya serikali ya upimaji na ramani, kule Ruaraka, Nairobi, ukaulize ramani na picha za angani za zamani za eneo lenu. Ukiweka picha ya zamani kando ya ramani yako, utaona ni safu gani zilikuwepo na zipi ziliongezwa.

Hatua ya 4: Pima chumba kimoja mpaka umalize

Kosa la kawaida kabisa ni kupima nyumba arobaini nusu nusu. Landhi zilijengwa kwa mfano mmoja uliorudiwa. Chumba kimoja kikipimwa sawasawa, pamoja na safu yake kwa nje, kina uzito kuliko makadirio ya mtaa mzima.

Chagua chumba ambacho hakijabadilishwa sana, omba ruhusa, kisha fuata mpango huu:

Pima kuta zote nne kwa ndani, sentimita moja juu ya sakafu, kisha urudie kwenye usawa wa kifua. Kuta za zamani haziko wima daima. Pima mshazari kutoka kona hadi kona, yote miwili. Ikilingana, pembe ziko sawa. Isipolingana, bila mishazari hiyo mchoro wako hautafungika ukifika mezani. Pima unene wa ukuta pale kwenye uwazi wa dirisha. Pima mlango na dirisha: upana, urefu, na kimo cha kizingiti cha dirisha kutoka sakafuni. Pima kimo hadi pale paa linapoanza, kisha hadi mwamba wa juu. Hesabu matundu ya hewa na uyachore yalipo. Andika kila kitu kimetengenezwa kwa nini: jiwe la kuchonga, tofali, saruji, mbao, chuma, mabati.

Mmoja apime na kutaja kwa sauti, mwingine arudie na kuandika. Ukipima peke yako utaandika 314 mahali pa 341 na hutajua mpaka nyumba imebomolewa.

Onyo la afya: nyumba za zamani wakati mwingine ziliezekwa kwa mashiti ya kijivu ya asbestosi. Ukiona paa la kijivu lenye mawimbi ambalo halina kutu, usilitoboe, usilivunje, usilifagie. Lipige picha ukiwa mbali na uandike kwenye daftari. Vumbi lake huua polepole.

Hatua ya 5: Piga picha kwa mpangilio

Kila nyumba: uso wa mbele ukiwa umesimama moja kwa moja mbele yake, kona zote nne za ndani, sakafu, paa kwa ndani, kisha vitu vidogo: bawaba, komeo, fremu ya dirisha, namba ya mlango. Ubao wa kipimo uonekane. Asubuhi mapema au jioni ndiyo nyakati nzuri, kwa sababu mwanga wa pembeni huonyesha mistari ya patasi kwenye jiwe. Saa sita mchana ukuta wote huonekana bapa.

Zipe picha majina siku hiyo hiyo, kwa mfano SafuC-Nyumba12-mlango. Na usizikusanye kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida: picha hubanwa, na tarehe na mahali ilipopigwa hufutika. Kama hamna njia nyingine, zitumeni kama dokumenti.

Juu ya mlango mmoja niliwahi kuona namba 27 kwa rangi nyeupe, na chini yake, mwanga ulipolala, namba nyingine ya zamani ikiwa imefunikwa. Usikwangue ili uione. Piga picha, chora, mwachie fundi wa uhifadhi. Rangi ikishakwanguliwa haina wa kuirudisha.

Hatua ya 6: Tafuta umri wa nyumba kwenye chuma

Hapa watu hupenda kubahatisha. Kila mtaa utaambiwa "zilijengwa na Wazungu 1900". Reli ilianza Mombasa 1896, ikafika Nairobi 1899, na ziwani Kisumu 1901, lakini nyumba za mawe nyingi ni za baadaye sana, na kila safu inaweza kuwa na mwaka wake.

Anza na herufi zilizopigwa kwenye vyuma: vifuniko vya mitaro, makufuli, mifereji, sahani za milango. KUR ni enzi ya reli ya Kenya na Uganda, kabla ya 1948. EAR&H, reli na bandari za Afrika Mashariki, ni 1948 hadi 1969. EAR peke yake huwa ni enzi ya shirika la Jumuiya lililovunjika 1977. KR ni baada ya hapo. Kisha tazama nguzo na mihimili: reli kukuu zilitumika tena kujengea, na ubavuni mwa reli mara nyingi kuna jina la kiwanda na mwaka ilipotengenezwa. Sugua kwa kitambaa kikavu, weka karatasi juu, upitishe penseli ubapa, maandishi yatatokea.

Onyo: mwaka kwenye reli unasema nyumba haikujengwa kabla ya hapo. Hausemi ilijengwa lini. Kipande cha reli cha 1898 chaweza kuwa kimelala njiani miaka thelathini kabla hakijawa nguzo. Ukiandika "nyumba ya 1898" kwa ushahidi huo pekee, mtaalamu wa upande wa pili ataliangusha ombi lenu lote kwa kosa hilo moja.

Mwaka wenyewe utaupata kwenye karatasi. Nenda kwenye Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, pale Moi Avenue karibu na sanamu ya Tom Mboya, uombe mafaili ya makazi ya wafanyakazi wa reli na ripoti za mwaka. Pita pia Makumbusho ya Reli, yaliyofunguliwa 1971 karibu na stesheni ya Nairobi. Andika namba ya faili na ukurasa kila mara, hata ukiwa umechoka.

Hatua ya 7: Rekodi wazee, na muwe ndani ya chumba

Ukinipa siku moja tu kabla ya kubomolewa, nitaacha yote niifanye hatua hii.

Katika landhi moja niliyopima, mama mmoja mzee alinishika mkono akanionyesha misumari miwili. Mmoja ulikuwa ukutani kushoto kwa dirisha, wa pili mkabala wake, juu kidogo ya kichwa changu. Kati yake ulipita waya, na kwenye waya leso mbili zilizoshonwa pamoja. Upande wa dirisha walilala yeye na mumewe aliyekuwa fundi wa mabehewa, upande wa mlango watoto watano. Waya haukuwepo tena. Lakini misumari yote miwili ilikuwa imepinda kuelekea ndani, na chini ya ule wa dirisha plasta ilikuwa nyeusi na laini kwa mikono iliyofunga na kufungua leso ile usiku na asubuhi.

Vyumba vingi vya aina hii vilikusudiwa mwanamume mmoja aje mjini, afanye kazi, kisha arudi kwao. Mke na watoto hawakuhesabiwa. Mchoro wa ofisi unaonyesha chumba cha bachela. Misumari inaonyesha watu saba. Piga misumari picha, pima kimo chake, andika nani alikueleza.

Kwa hiyo usimwite mzee ofisini. Kaa naye mle ndani, uulize kuhusu vitu: kitanda kilikuwa wapi? Mlipika wapi mvua ikinyesha? Nani alikuwa na ufunguo wa choo? Honi ya karakana ililia saa ngapi? Mtu akifukuzwa kazi, alipewa siku ngapi kuondoka kwenye nyumba? Swali la mwisho uliza kila nyumba. Kazi ikiisha na nyumba imeisha, hofu hiyo ndiyo iliyoyajenga maisha ya landhi kuliko mawe.

Wapigie simu wastaafu waliorudi mashambani pia. Wako Kisumu, Machakos, Voi, kila mahali reli ilikowatoa.

Kuhusu ridhaa: eleza rekodi itakaa wapi na nani ataisikia, umpe nafasi ya kuficha jina lake, umwachie nakala. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka hivyo, na adabu ilitaka hivyo kabla ya sheria. Rekodi sauti hata kama unapiga video. Upepo na kelele za matatu huharibu maneno, funga dirisha.

Hatua ya 8: Andika tamko la umuhimu

Kurasa mbili, zisizidi tatu. Afisa atakayelisoma ana mafaili mengi. Linatakiwa kusema: mahali pako wapi na ni pa nani, palijengwa lini kwa ushahidi upi, kuna nini cha pekee katika ujenzi, watu waliishi maisha gani hapo, nini bado ni cha asili na nini kimebadilishwa, tishio ni lipi na kwa tarehe gani, na mnaomba nini hasa.

Kosa la kawaida ni sifa. "Nyumba hizi ni fahari kubwa ya taifa letu tukufu" haimsaidii afisa. Mwandikie hivi: safu ya C ina vyumba vingapi, vingapi kati yake vina madirisha ya awali ya chuma, na wakazi wangapi wamerekodiwa. Kisha taja misumari.

Yaliyobadilishwa yaseme wewe mwenyewe. Kama mabati ni mapya na vyoo vimejengwa upya, andika. Ukificha, ukaguzi wa kwanza utakuumbua.

Hatua ya 9: Peleka karatasi, zote wiki moja

1. Makumbusho ya Kitaifa, yaani NMK. Barua iende kwa idara ya maeneo na majengo ya kihistoria, ikiomba nyumba zikaguliwe na zipendekezwe kutangazwa chini ya kifungu cha 25 cha sheria ya 2006. Anayetangaza ni waziri kwa Gazeti Rasmi la Serikali, baada ya kushauriana na Makumbusho. Kukaguliwa si kutangazwa. Msishangilie afisa akija na kamera.

2. Idara ya mipango ya kaunti. Mjenzi anahitaji kibali chini ya Sheria ya Mipango ya Ardhi ya 2019. Weka pingamizi la maandishi likiwa na tamko na ramani yenu, na uulize siku za mwisho ni lini.

3. NEMA, yaani mamlaka ya taifa ya mazingira. Ripoti ya athari kwa mazingira ya mradi mkubwa hutangazwa ili wananchi watoe maoni. Tuma maoni ndani ya muda uliotajwa kwenye tangazo. Leseni ikishatolewa na hamkuridhika, rufaa kwenda kwa jopo la mazingira, ambalo mawakili huliita NET, ina siku 60. Zihesabu tangu siku ya kwanza.

4. Bunge la kaunti. Raia yeyote anaweza kuwasilisha ombi. Ni njia ya polepole, ila humlazimisha mtu kujibu hadharani.

Ile safari nyingine, ya watu, iende sambamba. Mkipewa ilani ya kuhama, ipelekeni kwa wakili siku hiyo. Sheria ya Ardhi, kwa marekebisho ya 2016, inataka ilani ya maandishi ya angalau miezi mitatu hata kwa wanaodaiwa kukaa bila haki. Anayeshughulika na kesi ya makazi apewe nakala ya faili la turathi, na asiyejua habari za turathi msimwache aandike kwamba nyumba hizo ni "mabanda". Neno hilo likiingia mahakamani litarudi kuwaumiza.

Hatua ya 10: Ingia kikaoni na pendekezo

Ukienda na "hapana" peke yake, watu wenye pesa watasubiri uchoke. Nenda na mchoro wa ardhi nzima, ukionyesha wanapoweza kujenga na panapobaki.

Mifano ipo barani na nje yake. Kule Lwandle, karibu na Cape Town, mabweni ya wafanyakazi wahamiaji yaligeuzwa nyumba za familia, na wakazi wakakubaliana kuacha bweni moja, Hostel 33, kama lilivyokuwa. Mei 1 mwaka 2000 likafunguliwa kuwa makumbusho. Johannesburg, eneo la Newtown, kambi ya wafanyakazi weusi wa manispaa iliyojengwa mwanzoni mwa karne iliyopita ilikarabatiwa ikawa Makumbusho ya Wafanyakazi. Uskoti, kijiji cha kiwanda cha New Lanark kiliingia orodha ya UNESCO 2001, na watu bado wanaishi mle.

Kwangu mimi, chini kabisa usishuke chini ya hivi: safu moja nzima pamoja na choo chake, mfereji wake na uwanja ulio mbele yake. Wakikuahidi "tutahifadhi nyumba moja" kataa. Chumba kimoja kilichosimama peke yake kati ya maghorofa hakielezi landhi; landhi ni safu, ni kusikia jirani akikohoa ukutani. Na wakikuahidi bamba la shaba, waambie bamba ni nyongeza.

Makubaliano yaandikwe, yawe na michoro, yatiwe sahihi, na yaingizwe kwenye masharti ya kibali.

Mkiwa mnasubiri: msiiharibu wenyewe

Safisha mifereji ya paa, ziba mabati, ondoa miche inayoota ukutani. Ukigusa maungio ya mawe, kwanza yakwaruze kwa ufunguo. Yakitoka unga laini mweupe, huenda ni chokaa. Yajaze kwa chokaa. Saruji ngumu juu ya chokaa hufungia unyevu ndani, na jiwe laini ndilo linaloanza kubanduka. Msipake rangi upya ili "papendeze kwa wageni" kabla picha zote hazijapigwa.

Mambo yakikwama

*Wakazi wanaogopa kuhojiwa.* Usilazimishe. Anza na nyumba tupu, uwanja na miti. Wakiona ramani yenye njia zao na majina ya safu zao, wengine watakuita wenyewe kusahihisha.

*Mwenye ardhi ametukataza kuingia.* Mpangaji anaweza kumkaribisha mgeni na kupima chumba chake. Nje, piga picha ukiwa barabarani. Majengo matupu yaliyofungwa msiyavunje. Ombeni ruhusa kwa maandishi na mhifadhi jibu, hata likiwa la kukataa.

*Wanatuambia tunapinga nyumba nafuu.* Onyesheni ule mchoro wa hatua ya kumi. Mkiwa nao, swali linakuwa kwa nini safu moja isibaki, na hilo ni lao kulijibu.

*Barua ya habari haijajibiwa baada ya siku 21.* Pelekeni malalamishi kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile inayojulikana kama Ombudsman, mkiambatanisha nakala yenye muhuri.

*Makumbusho wamekagua, kisha kimya.* Andikeni kila mwezi, kila barua ikirejelea ya kabla yake. Nakala kwa kaunti. Faili lenye barua sita zenye mihuri huonyesha mahakama kwamba hamkulala.

*Mafaili hayapatikani.* Kadi ya ajira ya mzee yenye tarehe na namba ya nyumba ni ushahidi. Zikusanye, upige picha mbele na nyuma, umrudishie mwenyewe siku hiyo hiyo.

*Tingatinga limekuja asubuhi hii.* Watu kwanza: watoto, wagonjwa, wazee, kisha vitambulisho na dawa. Mpigie wakili aombe amri ya dharura Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Omba kuona amri wanayotumia na upige picha. Usisimame mbele ya chuma. Wawili wapige video kutoka pande mbili bila kukatiza. Wakishaondoka, kabla wanaookota vyuma hawajafika, rudini na ramani: okoeni mlango mmoja na fremu yake, dirisha moja, jiwe moja lenye alama za patasi, namba za milango, na chochote chenye herufi za reli. Kila kimoja kifungwe karatasi yenye safu na nyumba kilikotoka, kwa penseli.

*Nyumba zimeshaondoka, tumebaki na daftari.* Chapisheni nakala tatu: moja Hifadhi ya Nyaraka, moja Makumbusho ya Reli, moja kwa mama au mzee aliyewafungulia mlango wa kwanza.